Cherehani ya mkono ya mtumba: Mzazi akague nini kabla ya kutoa pesa

DESEMBA ikianza tu, hesabu ya sare huwa imeshaingia katika nyumba nyingi. Mashati meupe mawili, kaptura au sketi ya bluu, sweta kama shule iko kwenye baridi. Mtoto wa darasa la tatu amerefuka, na sketi iliyofika magotini Januari iliyopita sasa inamtia aibu. Kwa fundi kuna foleni, na kila kazi ndogo ina bei yake: kushusha pindo, kubadili zipu, kubana kiuno cha suruali iliyorithiwa kutoka kwa kaka.

Hapo ndipo wazo la kuwa na cherehani nyumbani hujitokeza. Mpya iliyo imara inataka fedha ambayo ingelipa mahitaji mengine ya shule. Mpya ya bei ya chini mara nyingi ina plastiki nyingi ndani na haina dalili ya kukaa. Kisha mtu anaitaja ile ya zamani, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu, inayozungushwa kwa mkono na kufunikwa kwa boksi la mbao lenye mgongo wa kobe. Ipo kwa jirani anayehama, ipo kwenye kibanda cha fundi, ipo uvunguni kwa bibi.

Inaweza kuwa ununuzi mzuri kuliko yote ya mwaka huo. Inaweza pia kumeza fedha ya sare na kubaki pambo la sebuleni, kwa sababu imekosa kipande kimoja cha chuma chenye ukubwa wa kidole ambacho madukani hakipo. Tofauti ya hayo mawili huonekana kwa ukaguzi wa nusu saa, na ukaguzi huo haumhitaji mtu aliyesomea ushonaji.

Inachoweza na isichoweza

Neno cherehani ni ndugu wa cherehe, jiwe la duara la kunolea visu, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Jina limeikaa vizuri hii ya mkono. Likiondolewa boksi, kinachobaki ni gurudumu, mpini, gia chache na mikono ya chuma inayopandisha sindano na kusogeza kitambaa. Hakuna saketi ya kuungua. Umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikiisha saa mbili usiku, pindo linaendelea.

Ni vizuri pia mzazi ajue mapema isichoweza. Cherehani hizi hushona mshono ulionyooka tu. Hazifanyi zigizaga, hazitoboi vifungo zenyewe, na nyingi hazirudi nyuma, hivyo mwisho wa mshono hufungwa kwa kugeuza kitambaa au kufunga uzi kwa mkono. Kingo za kitambaa kinachochanuka bado zitapelekwa kwa mwenye ovaloki. Na kwa kuwa mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto peke yake ndio unaoongoza kitambaa. Kwa pazia la mita tatu, hilo linachosha. Kwa sare, mifuko, mashuka, foronya, marekebisho ya mitumba na taulo za hedhi za kitambaa, linatosha kabisa.

Upole huo una faida yake. Mashine hukimbia kwa kasi ya mkono na kusimama mkono unaposimama, kwa hiyo ni rahisi kumfundishia mtoto mkubwa. Humfaa pia mtu mwenye maumivu ya magoti au ulemavu wa miguu, ambaye cherehani ya kukanyaga ingemtesa.

Neno “ya kubebeka” halipaswi kumdanganya mtu. Zile ndogo za chuma zenye boksi huzidi kilo 10, na za ukubwa kamili ni nzito zaidi. Iliyokuwa nyepesi kweli ni Singer 221, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1933 ikiwa na mwili wa aluminiamu na uzito wa takribani kilo 5. Hiyo lakini ni ya umeme, inatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, na si ya kukimbilia kwa mwenye bajeti ndogo.

Jina Singer na uvumi wa zebaki

Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake Marekani mwaka 1851, na kampuni yake ikaja kuwa na kiwanda kikubwa Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Herufi K baada ya namba ya modeli, kama 99K au 28K, ni ya kiwanda hicho. Mashine nyingi nyeusi zenye nembo hiyo ni bora kweli. Ila jina peke yake halishoni. Singer iliyolowa mvua miaka mitano ni mbaya kuliko Butterfly ya Kichina iliyotiwa mafuta kila mwezi, na muuzaji anayeongeza bei kwa ajili ya nembo anauza nembo.

Lipo jingine linalopandisha bei bila sababu. Mwaka 2009 nchini Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba cherehani kuukuu za Singer zina “zebaki nyekundu” yenye thamani kubwa na uwezo wa ajabu. Watu walizisaka, wengine wakizipima kwa kusogeza simu ya mkononi karibu na sindano, na bei zikaruka hadi viwango vya kuchekesha. Polisi walilazimika kulichunguza suala hilo. Ndani ya cherehani hakuna zebaki ya rangi yoyote. Kuna chuma, mafuta na vumbi la nyuzi. Muuzaji anayenong’ona habari hizo aachwe na mashine yake. Na kama ni familia inayouza cherehani ya bibi, anayekuja na ahadi ya mamilioni na kuomba kwanza pesa ya “kipimo” ni tapeli.

Spea zitangulie uzuri

Swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei, bali ni bobini gani inatumika. Jibu lake ndilo huamua kama mashine itaishi.

Salama zaidi kwa mkoba mdogo ni zile zinazofuata umbo la Singer 15. Muundo huo uliigwa na viwanda vya Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, na pia na viwanda vya China na India. Butterfly nyeusi ambazo mafundi wengi wa mitaani bado wanakanyagia ni za ukoo huo. Kwa sababu hiyo bobini zake, kesi ya bobini, sindano, skrubu na hata mpini wa mkono si vitu vya kuagiza mbali. Duka la kawaida la vifaa vya ushonaji huwa navyo. Hutambulika kwa kesi ndogo ya chuma inayochomekwa upande wa kushoto, chini ya sindano. Kesi hiyo hutoka, ndiyo maana hupotea. Mnunuzi aombe kuiona kabla ya kitu kingine chochote.

Singer 99, ambayo ni ndogo na nzuri kwa chumba kimoja, hutumia bobini ya namba 66 inayolala chini ya kibamba cha kuteleza mbele ya sindano. Kwa haraka bobini hiyo inafanana na ya 15, ila nyuso zake zimebinuka kidogo wakati za 15 ni bapa. Zikichanganywa, uzi hunasa na mashine hulaumiwa bure. Mwenye kuinunua ahakikishe anapata bobini kadhaa zilizo sahihi siku hiyohiyo.

Kundi linalohitaji tahadhari ni 27, 28, 127 na 128. Hizi hazina bobini ya duara. Zina kijiti chembamba kilichozungushiwa uzi, ambacho huingia ndani ya kichuma kirefu chenye umbo la mtumbwi na ncha kali, na hicho huyumba mbele na nyuma kila sindano ikishuka. Zinashona vizuri ajabu, na mara nyingi ndizo zenye maua ya kupendeza kuliko zote. Lakini bila ule mtumbwi ni chuma chakavu. Vijiti vyake pia si vya kila duka, hivyo mashine yenye kijiti kimoja tu itamfanya mshonaji asimame kila uzi wa chini unapoisha. Ikiwa na mtumbwi usio na kutu na vijiti vitatu au vinne, inafaa. Ikiwa haina, hata ikitolewa kwa nusu bei, iachwe.

Kuhusu sindano, nyingi za hizi hutumia sindano ya kawaida ya nyumbani, yenye shina lililo bapa upande mmoja. Ile ya shina la mviringo ni ya mashine za kiwandani. Baadhi ya cherehani za karne ya 19 zilitaka sindano za aina nyingine ambazo leo ni za kutafuta kwa tochi. Kama sindano ya nyumbani haikai, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo.

Ukaguzi wa nusu saa

Anayekwenda kununua, iwe Kariakoo, kwenye mnada wa wilaya au nyumbani kwa mtu, abebe mfuko wenye vitu vichache: sindano mpya, uzi wa rangi mbili tofauti, karatasi nyeupe, bisibisi ndogo, na vipande vya kitambaa atakachoshona kweli. Kipande cha khanga, cha kitambaa cha sare na cha jinsi vinatosha. Muuzaji huwa na kitambaa chake cha majaribio, kwa kawaida pamba ya unene wa kati ambayo mashine yoyote hushona. Hicho kiachwe.

Kwanza gurudumu lizungushwe polepole kuelekea kwa mshonaji. Likiwa zito mwendo wote kwa uzito uleule, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi, na hilo hutibika kwa jioni moja ya kusafisha. Likiwa jepesi kisha likagonga sehemu ileile kila mzunguko, kuna kitu kilichopinda, kilichovunjika au kilichonasa; mnunuzi asiye fundi akae mbali nalo. Lisipogeuka kabisa na mashine ina kutu nyekundu hadi chini, hiyo ni ya kung’arisha na kuweka kabatini. Watu hupoteza pesa hapa kwa huruma: wanaona maua ya dhahabu bado yanang’aa juu, hawageuzi mashine kutazama tumbo.

Kwa hiyo igeuzwe. Tumbo ndilo husema ukweli. Vumbi la nyuzi na mafuta meusi si tatizo. Kutu inayotoka kwa magamba ni tatizo. Ufa kwenye kitako cha chuma, hasa karibu na mashimo ya bawaba, ni tatizo kubwa, kwa kuwa chuma hicho kikipasuka hakuna ulehemu wa kawaida utakaokirudisha kikiwa kimenyooka.

Kisha kishikwe kile chuma kinachobeba sindano na kutikiswa kwa vidole. Kucheza kidogo ni umri. Kikichezacheza kama jino la mtoto wa miaka sita, mashine itaruka mishono na kuvunja sindano. Yaguswe na yale meno madogo yanayosukuma kitambaa: yawe yanakwaruza kidole. Yaliyolainika kama kisogo cha kijiko hayatasukuma jinsi. Mpini wa mkono nao ukaguliwe gia zake, na aangalie kama gurudumu lina matundu kama ya baiskeli. Mpini hushika humo. Gurudumu lililojaa halina pa kushika, hivyo anayefikiria kununua kichwa kitupu cha cherehani ya mguu na kukiwekea mpini baadaye atahitaji na gurudumu jingine.

Baada ya hapo ije karatasi. Sindano mpya ichomekwe, bila uzi, na karatasi ipitishwe. Matundu yafuate mstari mmoja na nafasi zilingane. Yakienda mshazari au yakirundikana, usukumaji una kasoro.

Uzi ufuate mwisho, rangi moja juu na nyingine chini, kwenye vitambaa viwili vilivyolazwa pamoja. Mshono mzuri unaonyesha rangi ya juu upande wa juu na ya chini upande wa chini. Rangi ya chini ikichungulia juu, uzi wa juu umekazwa mno. Kinyume chake, umelegea. Hilo hurekebishwa kwa skrubu ya visahani viwili vinavyobana uzi, na muuzaji anayejua mashine yake atalifanya hapohapo. Mwishoni khanga ikunjwe mara nne na ipitishwe, kisha jinsi mara mbili. Hapo ndipo cherehani iliyopigwa rangi mpya ili iuzwe huumbuka.

Mashine inayokataa kushona kabisa inaweza kuwa bahati ya mnunuzi. Katika nyingi za hizi sindano huingia kwa ubavu, upande bapa ukitazama pembeni na si nyuma kama zilivyo mpya, na uzi hupitishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mwenye nayo aliyeichomeka kwa mazoea ya cherehani mpya atakuwa ameshaamua kuwa ni mbovu na kuipangia bei ya ubovu. Anayejua kugeuza sindano huondoka na mashine nzima. Kama ni haki kumwambia muuzaji kabla au baada ya kulipa, kila mtu na dhamiri yake.

Mkanda uliokatika, raba ya kuzungushia bobini na mafuta ni gharama ndogo, visimrudishe mtu nyuma. Vitumike kuteremsha bei.

Za umeme zina mtihani wake

Kwenye mitumba zipo pia cherehani za zamani zenye mota, na bei yake wakati mwingine ni ya kushawishi. Kabla ya yote isomwe bamba dogo kwenye mota. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Japani hutumia volti 100 na Marekani 120, hivyo mota iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi hizo ikichomekwa moja kwa moja ukutani hapa itakimbia kama kichaa, itatoa harufu na kuungua. Transfoma ya kushusha umeme huliondoa tatizo hilo, lakini ni gharama ya ziada, na inapaswa kuhesabiwa ndani ya bei ya mashine.

La pili ni nyaya. Zile za miongo mingi iliyopita zilivikwa mpira ambao hukauka na kupasuka, shaba ikabaki wazi kwenye mwili wa chuma ambao mshonaji ameushika kwa mikono miwili. Waya ukikunjwa taratibu na mpira ukamomonyoka, mashine hiyo isichomekwe, hata kwa sekunde ya kujaribu. Pedali ya mguu inayopata joto kali, au inayoifanya mashine iendelee kukimbia baada ya mguu kuondoka, ni ya kubadilishwa na fundi umeme, si ya kuzoewa. Nyumba ambayo watoto hutembea peku kwenye sakafu iliyopigwa deki haina nafasi ya majaribio ya namna hiyo.

Kwa mwenye bajeti kuna njia nyepesi: nyingi za hizi hufunguliwa mota kwa skrubu moja, na kama gurudumu ni la matundu, mpini wa mkono huchukua nafasi yake.

Hesabu ya pesa na karatasi ya mauziano

Kama mkoba una Sh200,000, anayetafuta cherehani ya Sh200,000 ameshakosea hesabu. Iliyo sahihi ni kutenga kwanza pesa ya kumlipa fundi wa cherehani aifungue, aisafishe na kuirekebisha mara moja. Kisha ya pakiti mbili za sindano, bobini, mkanda, chupa ya mafuta ya cherehani na usafiri, maana kilo hizo hazipandi daladala kwa raha. Theluthi moja ya fedha yote si nyingi kwa hayo. Kinachobaki ndicho cha kwenda nacho kwa muuzaji.

Kumchukua fundi wa mtaani aende kukagua pamoja na mnunuzi ni matumizi mazuri ya elfu chache, ilimradi asiwe fundi aliyeletwa na muuzaji.

Mashine inayotangazwa kwenye makundi ya simu isilipiwe kabla haijaonwa, hata “kianzio cha kuishikilia” tu. Na kwa kuwa cherehani ni mali inayoibwa kirahisi, karatasi ya mauziano ina umuhimu wake: majina ya wote wawili, namba za vitambulisho, tarehe, bei, na namba ya mashine iliyopigwa kwenye kitako. Kama muuzaji hafahamiki, ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pazuri pa kukabidhiana. Kupokea mali ya wizi ni kosa, na kusema “sikujua” mbele ya polisi ni kazi ngumu kuliko kuandika karatasi moja.

Ikifika nyumbani

Majeraha mengi ambayo cherehani hii inaweza kuleta hayatokani na kushona. La kwanza hutokea njiani. Boksi la mbao hushikwa kwa mpini wa juu, na kinacholishikilia kwenye kitako ni kufuli au kitasa ambacho kwa umri huu huwa kimelegea. Likiachia, chuma cha zaidi ya kilo 10 huangukia miguu ya aliyebeba au ya mtoto anayetembea naye. Kibebwe kitako kwa mikono miwili, magoti yakunjwe wakati wa kuinua, boksi lifuate peke yake.

La pili ni la kutisha zaidi, nalo liko kwenye chupa. Mafundi wengi hulegeza mafuta yaliyoganda kwa mafuta ya taa, na kweli yanafanya kazi: yanadondoshewa kwenye matundu na viungio, gurudumu linazungushwa, uchafu unafutwa, inarudiwa hadi mashine inakuwa nyepesi. Kazi hiyo ifanyike nje au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko na kibatari. Ila mafuta hayo huletwa nyumbani kwenye chupa ya maji au ya soda, yakiwa meupe kama maji, na kuachwa chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti.

Akinywa, hatari kubwa si tumbo. Ni mafuta kuingia kwenye mapafu, na hilo hutokea kirahisi zaidi akitapika. Kwa hiyo asitapishwe, asitiwe vidole kooni, asilazimishwe kunywa maziwa. Avuliwe nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, na apelekwe hospitali mara moja hata kama anacheza, kwa kuwa kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuja saa kadhaa baadaye. Chupa iende naye ili daktari aione. Mafuta ya cherehani yenyewe ni mepesi na yana hatari ya aina hiyo hiyo. Yakae juu, kwenye chupa yake yenye nembo. Ya kupikia yasitumike kabisa, kwa sababu hukauka na kuwa gundi ileile iliyotolewa kwa shida.

Sindano nayo ina mtoto wake anayeipenda. Kidole kidogo hupenya chini ya ule mguu unaokandamiza kitambaa huku kaka akizungusha mpini. Ikitokea, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, kibanwe kwa kitambaa safi, na vipande vyote vya sindano vitafutwe na kuunganishwa mezani. Kama ncha haionekani, au imebaki ndani, kisichokolewe nyumbani. Ni kazi ya hospitali na picha ya eksirei. Chanjo ya pepopunda ya mtoto iulizwe hapohapo. Njia rahisi ya kuzuia yote ni kuzoea kitu kimoja: kila kazi ikiisha sindano inachomolewa, inawekwa kwenye kopo pamoja na pini, vifungo na bobini, boksi linafunikwa na ufunguo unatoka.

Mahali pa kushonea pawe na mwanga unaotoka kushoto, mbali na kivuli cha mkono unaozungusha. Meza ikiwa juu mno, bega la kulia ndilo hulalamika baada ya robo saa, na tiba yake ni kiti kirefu zaidi, si dawa ya maumivu.

Wiki ya kwanza ni ya foronya na mashuka, mishono mirefu isiyomdai mtu chochote. Kaptura ya sare isubiri hadi mkono uzoee. Tone moja la mafuta kwenye kila tundu baada ya siku chache za kazi, kisha mshono mrefu kwenye kitambaa chakavu ili mafuta yanayochuruzika yaishie hapo na si kwenye shati jeupe. Na mashine iliyokuwa inashona vizuri ikianza ghafla kuruka mishono, ibadilishwe sindano kwanza, upande bapa ukirudi palepale ulipokuwa, kabla mtu hajampigia fundi simu.